Sakafu Yenye Joto

Kazi yangu ilikuwa vyoo, na sitaki mtu anipambie maneno. Mradi ulioniajiri uliiita kuchora ramani. Mimi niliiita kunusa. Upande ule wa Huruma, mtaa wa hapa Eldoret, bomba la maji taka halijafika, kila ploti ya vyumba vya kupanga ina choo chake cha shimo, na wakubwa wa mradi walitaka kujua viko wapi, kipi kimejaa, na kama mpira wa lori la kunyonya vyoo unaweza kukifikia. Nilivaa gambuti, nikashika simu ya kuwekea alama, nikawa nasukuma milango ya mabati kwa kiwiko.

Nimeona mambo. Nimeona choo kilichojaa hadi watu wamepanga matofali ya kukanyagia. Nimeona funza wakipanda ukuta kana kwamba wamechelewa mahali. Mama mmoja alikuwa akiosha sukuma wiki pembeni mwa shimo linalovuja, akanisalimu vizuri kabisa, nami nikamjibu nikiwa nimebana pumzi. Jioni nilifika kwangu, mtaa wa Munyaka, nikajisugua hadi ngozi ikawaka, na bado chakula kilininukia choo.

Mahali pa kupumzikia palikuwa kwa mdogo wangu. Alikuwa amepanga chumba Huruma hiyohiyo, yeye na binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Chumba chenyewe kilikuwa kipya, rangi safi ukutani, simenti laini chini. Tena kilikuwa na joto. Mtu wa Eldoret anajua maana yake, mwezi wa saba baridi ikikuingia hadi kwenye meno, kupata chumba ambacho mtoto anakaa chini bila soksi.

"Umeona floor yangu?" alizoea kuniambia. "Hata heater ni ya nini?"

Nilivua gambuti mlangoni, nikakaa sakafuni na mtoto, nikanywa chai. Kulikuwa na kaharufu fulani, lakini mimi nilikuwa nimeshinda kwenye harufu, nikadhani nimekuja nayo mwenyewe.

Zamu ya ploti yao ilipofika, nilipokewa na landilodi. Mzee nadhifu, koti, fimbo, viatu vinang'aa. Hakujua kwamba mpangaji wake ni mdogo wangu. Nikamwuliza swali nililouliza kila mahali, kwamba choo kikijaa anafanyaje.

"Kwangu hakuna shida ya kujaa, madam. Hiyo lori yenu mimi sijawahi kuita."

"Sasa kikijaa, Mzee?"

"Kikijaa nafunga. Naweka slab, najenga nyumba juu, nachimba ingine hapo mbele." Akainua fimbo, akaanza kunionyesha milango kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake wa gredi. "Hii ilikuwa choo. Ile pia. Na hiyo ya mwisho, yenye rangi mpya, hiyo ndio nimefunga juzi juzi. Ilikuwa imejaa kabisa. Lakini ukiingia huwezi jua."

Fimbo ilikuwa imeelekea mlango wa mdogo wangu.

Chai yote niliyowahi kunywa mle ndani niliinywa juu ya shimo. Nilikuwa nimekalia kinyesi cha ploti nzima, nikakisifu kwa joto lake. Nilitema mate karibu na kile kiatu kinachong'aa na sikuomba msamaha. Mzee alikuwa bado anatabasamu, anangoja nimwandike vizuri. Nikaweka alama nyekundu, ile ya choo kilichojaa, kwenye ramani ya simu, juu ya paa la chumba kile, maana hapakuwa na rangi ya choo chenye kitanda juu yake.

Niliingia bila kubisha. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye simenti, udenda umemtoka. Nikamnyanyua. Nikamweleza mdogo wangu kila kitu, pamoja na kwamba slabu ile ya zege ikipasuka watatumbukia shimoni wote wawili. Tumekulia shambani sisi, anajua rundo la samadi linavyotoa mvuke asubuhi. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo. Nilifikiri atatapika.

"Ndio maana inakuwanga warm," akasema. Kisha hasira akaigeuzia kwangu, si kwa landilodi. "Sasa unataka niende wapi? Unajua vile nilitafuta hii nyumba?"

Alikataa kutoka siku hiyo. Mpaka leo yuko palepale, anasema anatafuta kwingine, na mimi kila mvua ikinyesha nawaza ile slabu. Nilichoweza ni kumchukua mtoto. Yuko nami Munyaka, nimemtandikia mkeka na blanketi juu yake, havitaki. Anashuka, anatambaa kwenye simenti yangu ya baridi, analaza shavu, anaondoa, anasogea mbele kidogo, analaza tena. Anatafuta penye joto.