Nilionya Wakamba Wenzangu Tu, Neema Akaingia Kwenye Dawa

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, ana kazi zake nyingi.

Miaka ya tisini nilikuwa nyapara kwenye shamba la nyanya huko Kimana. Kijinyapara tu chenye filimbi! Lakini ungeniona nikitembea, ungedhani Kilimanjaro nzima ni shamba la babangu. Kumbe hata mimi nilikuwa mgeni kwenye ardhi ya Wamaasai.

Vibarua walikuwa Wakamba wenzangu na Watanzania waliovuka mpaka pale Illasit. Hao Watanzania niliwadharau bure kabisa. Walikuwa na adabu, walisema "naomba" hata kwa kitu ambacho ni haki yao, nami nikawaona mafala. Glavu zilipoletwa chache, zote niliwapa watu wa kwetu.

Tulikuwa tukipiga dawa ya wadudu jioni, kisha asubuhi natangaza ni upande gani mtu asiingie. Nilitangaza kwa Kikamba! Hao wengine shauri yao.

Asubuhi moja Neema, mama wa Rombo ya Tanzania aliyeacha mtoto mchanga nyumbani, aliingia moja kwa moja kwenye nyanya zenye dawa mbichi. Nilimwona kwa macho yangu.

"Si umwambie huyo mama atoke?" Mutua, kibarua wa kwetu, aliniuliza.

"Wachana naye. Hao wamezoea."

Wamezoea! Mdomo gani huu Mungu alinipa?

Kabla ya saa sita Neema alikuwa chini, anatapika, anatetemeka, udenda unamtoka. Tulimkimbiza hospitali Loitokitok. Hakurudi.

Mumewe alikuja kuchukua leso na viatu vyake. Akasimama mbele yangu, kofia mkononi.

"Kaka, naomba unieleze. Kuna mtu alimwona akiingia?"

"Hakuna," nikasema. Mutua alikuwa kando yangu. Alitema mate, akaondoka.

Kufikia jioni Wakamba wote walijua. Wale wale niliowapa glavu walikataa kufanya kazi chini yangu. Mpaka leo, hapa Kitengela ninakopanga, nikikutana na mtu wa kwetu anavuka barabara. Afadhali! Mimi mwenyewe ningevuka.

Wewe nyapara wa leo, unayejiona kwa sababu ya filimbi, mtu akiingia kwenye dawa piga kelele kwa lugha anayoielewa, awe wa kwenu asiwe wa kwenu. Usinyamaze kama mimi. Unajua yule mwanamume alinijibu nini baada ya uongo wangu?

"Asante, kaka."