Kigurudumu, Achari na Safari ya Dar

Nianze na upuuzi wangu, maana mtausikia tu kwa wengine: nilizungusha kigurudumu cha ndege ikiwa angani, na mwenyewe nimo ndani.

Safari yenyewe ilitokana na dada Mwanasha. Alikuwa amejifungua Dar es Salaam, akawa hali chakula bila achari ya mama. Kapteni Ramji, Mhindi wa Mombasa na mlaji mkubwa wa achari hiyo hiyo, alikuwa akienda huko na kindege chake, akajitolea kunichukua. Mama akanipa chupa, mdomo umefungwa kitambaa.

"Bakari, usiifungue."

Asubuhi, Ukunda, tuliruka. Minazi ya Diani ikawa mifagio.

Juu ya Msambweni, Kapteni alibonyeza kidude, akaachia usukani, akakunja mikono. Nikatamka shahada. Akacheka sana.

"Msaidizi anaendesha. Mashine tu hiyo. Wewe usiguse usukani."

Usukani sikuugusa, wallahi. Lakini karibu na goti langu palikuwa na kigurudumu. Tulipofika Bodo, yeye akitazama ramani, nikakizungusha mbele, kidogo kidogo. Ndege haikutikisika. Nikajua ni pambo.

Dar ilipoonekana, Kapteni akamzima msaidizi. Lo! Pua ikaelekea baharini, chupa ikapaa, kitambaa kikafunguka, achari ikamwagikia shati jeupe la Kapteni. Akavuta usukani kwa mikono miwili, akitukana Kihindi, mpaka tukakaa sawa.

"Umegusa nini we?"

"Si usukani, Kapteni."

Akakiona kigurudumu. "Shetani mdogo! Hicho ndicho kinachoinamisha pua na kuiinua. Ulipokizungusha, msaidizi alikuwa akiishikilia pua kwa nguvu zake, kimya kimya. Nilipomzima, mzigo wote ukaniangukia mimi. Na mimi mjinga, sikutazama kwanza sindano inayoonyesha mzigo huo."

Dada alipata nusu chupa. Akachovya kidole, akafumba macho. "Hata kingefika kitambaa peke yake, ningekilamba."

Wakati wa kurudi, juu ya Diani, Kapteni alinionyesha sindano ile. "Zungusha mpaka ikae katikati. Hapo msaidizi hana mzigo." Nikazungusha kwa adabu ambayo shuleni hawaijui. Akashika usukani imara, akamzima. Inzi aliyelala kiooni hakuamka! Nikapiga vigelegele kama bibi harusi kaingia.

Nyumbani, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Achari ilifika?"

"Yote, mama. Nyingine kwa dada, nyingine kwa Kapteni."

Ikabidi nieleze. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Basi kosa langu. Nilikuambia usiifungue chupa, nikasahau kukuambia usiipindue ndege."