Router yetu ilikubali Kasulu, ikanitimua Mabamba

Wakuu, mwakeye.

Huu uzi sio chai. Anayetaka chai aende kwa mama ntilie, hapa kuna router, shangazi na upweke. Niko kidato cha tano, kwa hiyo matusi punguzeni, mama huwa anasoma simu yangu.

Kuna program moja ya open source, ya bure kabisa, inaamrisha router nyingi kwa mpigo. Unabadilisha password za duka zima ukiwa umekaa.

Tatizo, kila aina ya router lazima kwanza mtu aandike code ya kuifundisha program jinsi ya kuongea nayo. Zile za matajiri zimo zote. Hizi zetu za bei ya mbuzi mgonjwa, hakuna aliyejisumbua.

Mimi na Desire tukajisumbua.

Desire nilisoma naye Kasulu tangu kidato cha kwanza. Yeye alikuwa na akili, mimi nilikuwa na mdomo. Laptop ilikuwa ya kaka yangu, haina herufi E, na jina la Desire linazo mbili.

Tulipofika katikati, familia yao ikarudi Burundi.

Siku ya kuondoka akaniambia, "We mjinga, siku wakiikubali router yetu, popote nilipo nakupigia."

Nikamjibu, "Utapiga na nini, hata vocha ya kubipu huna."

Tukacheka. Ndiyo yakawa maneno ya mwisho. Namba yake haipatikani, email nikituma kimya.

Sasa kwenye ule mradi, code ikikubaliwa, kila mwenye jina lake kwenye hiyo code anapata taarifa. Nikasema basi, hiyo ataiona. Ahadi ni ahadi.

Nikaimalizia peke yangu. Darasani nikiongelea router wananiuliza kama naweza kufungua Wi-Fi ya mwalimu. (Naweza. Tuendelee.)

Kasulu ikafanya kazi safi. Msimamizi wa mradi, mzungu ambaye hata sura yake siijui, akaandika: jaribu kwenye router nyingine ya aina hiyohiyo, ikikubali tunaiingiza.

Likizo nikaenda kwa shangazi, Mabamba, kule ukitoka nje unaitazama milima ya Burundi. Dukani kwake anauza intaneti kwa router ya aina ileile. Nikawasha laptop.

Ikanitimua.

Nikaingia tena, ikanitimua tena. Password sahihi, code ileile. Siku nyingi nikawa naongea na skrini kama mganga. Zamani hapo ningegeuka, Desire angesema "sogea huko" na kushika laptop. Sasa nikigeuka naona gunia la maharage.

Jumapili nikaamka niwahi misa ya kwanza. Simu inasema bado mapema. Nikatembea napiga mluzi, nafika, watu wanatoka.

"Baba, umekuja kufagia?" shangazi akaniuliza mbele ya kwaya nzima.

"Si bado haijafika saa moja?"

"Umeangalia simu wewe! Hapa mtu akikupa miadi unamuuliza kwanza, saa ya huku au ya kule? Simu zikinasa mnara wa Burundi zinarudi nyuma saa nzima."

Kwaya ikanicheka. Nikaingia ndani nikakaa kwenye mabenchi matupu. Sio kusali, Mungu anisamehe. Nilikuwa nawaza router.

Kila anayeingia kwenye hiyo router, lazima program itaje saa ya laptop. Isipolingana na yake, anafukuzwa. Na ya shangazi, inayotumia laini kama simu, ilikuwa imenasa mnara wa ng'ambo! Mwili Mabamba, saa Burundi.

Nikakimbia nyumbani nikaongeza mistari michache tu: kabla ya kuingia, iulize router kwanza, kwako saa ngapi?

Ikakubali.

Nikatuma, jina la Desire nimeliweka mbele ya langu. Mzungu akaikubali, akaandika kwamba hilo la saa hakuna aliyewahi kuliwaza. Nikaruka dukani kama mwehu.

"Wamekupa ngapi?" shangazi akauliza.

"Hawatoi hela, shangazi."

"Basi kaa chini, unatisha wateja."

Nikakaa.

Wiki ya pili sasa, simu naenda nayo hadi chooni. Waliopiga ni watu wa kampuni ya simu tu, wanauliza kama nataka mlio mpya.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujasema umekataliwa, uliza kwanza kwa mwenzako ni saa ngapi. Huenda siku yake haijafika tu. Ndivyo ninavyojidanganya.

Waliowahi kupotezana na mtu upande wa pili wa mpaka, mlimpataje? Shusheni hapa. Wa kunicheka nao wapange foleni.

Na wewe Desire, najua huwa unasoma humu bila kujiunga. Imekubaliwa.

Nipigie. Saa ya huku au ya kule, yoyote.