Msalaba wa Chaki

Juma hili, kwenye korido ya hospitali, nilisikia daktari akimweleza mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha shaba kwamba chembe hai za figo zikizeeka hupata kama kutu, kisha hutoa vifuko vidogo mno vinavyobeba ubaya huo hadi moyoni.

"Kutu miye naijua, docteur. Kiwandani tulikuwa tunabadilisha kipande cha mashini."

"Hapa hakuna kipande, papa. Kuko dawa ya kuichelewesha tu."

Mzee aliisukuma karatasi ya dawa aliyoandikiwa. "Mashini ya vile, yenye haina kipande, tulikuwa tunaipiga msalaba wa chaki. Hatukuipaka mafuta tena."

Mkewe aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa mumewe. "Weye hauko mashini. Twende."

Baba yangu alifanya kazi hiyohiyo. Tulipomzika, tulizikuta karatasi zake za dawa katika koti la kazi, zimekunjwa vizuri, hazijawahi kufika duka la dawa.