Zalia na Mbuzi Aliyemkataa Mwanawe

Zalia binti Mchangama alipenda usafi kupita kiasi, na mji mzima wa Marodoka ulijua. Ua wake ulifagiwa mara tatu kwa siku. Mgeni aliyeingia na matope miguuni alitazamwa hivi kwamba safari ya pili aliingia akinyata. Mumewe Houmadi, fundi cherehani aliyewashonea sare askari wa serikali ya Kifaransa, alikuwa akisema mke wake angeweza kuiosha hata mvua. Alisema kwa mzaha, lakini hakuwahi kusema mbele yake.

Sasa mtu wa namna hiyo alikwenda kufuga mbuzi kwa nini, hilo mwulize mwenyewe. Alifuga, na mwaka wa 1931 mbuzi wake mweusi akazaa uzao wake wa kwanza, saa tano ya asubuhi, uani, chini ya kamba ya nguo.

Siku hiyo jirani yake Rabiata alikuwa amekuja kuazima ungo. Rabiata alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, mpole, aliyeachwa na mume kwa kuwa hakumzalia. Alichuchumaa akamtazama mwanambuzi anavyojaribu kusimama na kuanguka, akacheka, akasema, "Lo, mzuri huyu! Angekuwa wangu ningemlaza kitandani." Hakusema mashallah. Akachukua ungo wake akaenda zake.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na Zalia alikuwa na udhu wake. Damu na maji ya uzazi ni najisi, na najisi ile ilikuwa inagaagaa katikati ya ua wake. Mbuzi mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kumramba mwanawe. Zalia akamnyang'anya. Akakipeleka kitoto jikoni, akamwosha kwa sabuni mara mbili, kisha akamsuuza kwa maji ya maua ya langilangi, yale yanayobaki kwenye mitambo ya shambani baada ya mafuta kutolewa. Ndiyo maji yaliyooshewa watoto wachanga wa watu nyumbani kwao, tangu enzi za mama yake. Akamfuta, akamviringisha kwenye kitambaa, akamweka ndani ya kikapu. Akaswali, akakaa kwenye uradi wake bila haraka. Alipomrudisha kwa mama yake, saa nzima na zaidi ilikuwa imepita, na kitoto kilikuwa kinanukia kama bibi harusi.

Mama akamnusa mara moja, akarudi nyuma. Kitoto kikaenda kutafuta kiwele. Mama akainamisha kichwa akakitandika kikaanguka ubavu. Kikainuka, akakitandika tena. Zalia alijaribu kumkamata mama pembe, alijaribu kumkamua dang'a, maziwa yale ya kwanza, na kukilisha kitoto kwa kidole. Siku ya tatu kikafa.

Majirani wakauliza kulikoni. Zalia akajibu, "Rabiata alimtazama."

Maneno mawili tu. Wala si uongo, maana kumtazama alimtazama kweli! Lakini Zalia alijua vizuri sana anasema nini, na aliyemsikia alijua pia. Mwanamke asiye na mtoto, amesifu, hakutaja jina la Mungu: huyo ana jicho baya. Kazi iliyobaki mji uliimaliza wenyewe. Penye arobaini ya mtoto Rabiata hakualikwa tena. Akipita njiani, kina mama walifunika watoto wao kwa kanga.

Mwaka uliofuata mbuzi yule alizaa tena, Zalia akaosha tena, mama akakataa tena. Safari hii Rabiata hakuwa amekanyaga ua ule kwa miezi kumi. Hapo Zalia alipata wasiwasi. Uliingia moyoni kabisa, ukakaa, na angetaka angeusikiliza. Badala yake alisema jicho hubaki mahali, na kwa kuwa alisema kwa sauti, aliaminiwa. Mwisho wa mwaka Rabiata alifunga vitu vyake akahamia mji wa Mahajanga, mtaa wa Ampisikina, kwa kaka yake Ibouroi. Zalia hakwenda kumuaga.

Miaka sita baadaye Houmadi naye alipata kazi Mahajanga, wakahama. Zalia aliwauza mbuzi wake, lakini mkono ukamwasha kutaka kufuga tena, na mvua zilipoanza alikwenda kijiji cha Boanamary kumwona mfugaji mmoja aliyeitwa Attoumane ili anunue jike.

Alimkuta zizini na mbuzi anayezaa. Kando palikuwa na kitoto yatima, mama yake alikufa alfajiri ileile. Kitoto cha yule anayezaa kilipoanguka tu chini, kimelowa ute, Zalia alishika upindo wa kanga yake akainama kukifuta. Ni mazoea.

"Mama, acha!" Attoumane alimkemea kwa Kimalagasi, kwa sauti ambayo Zalia hakuwahi kusemeshwa na mwanamume yeyote. "Unataka kumuua?"

"Nataka kumsafisha."

"Ukimsafisha, mama yake atamjuaje?"

Attoumane alichota yale maji ya uzazi kwa viganja, akampaka yatima mgongo, kichwa, mpaka chini ya mkia, akamlaza karibu na yule mwingine. Mbuzi aligeuka. Akanusa, akaanza kuramba huku akitoa mlio mdogo wa kooni. Aliramba mmoja, akahamia kwa wa pili, wala hakutofautisha. Muda si mrefu wote wawili walikuwa wamepiga magoti kwenye kiwele kimoja, mikia inatikisika.

"Mbuzi hamjui mwanawe kwa macho," Attoumane alisema, sasa kwa upole. "Njia inapofunguka kwa uzazi, na pua yake inafunguka. Anayemramba wakati huo ndiye mwanawe. Muda wenyewe mfupi, hata chungu cha wali hakiivi. Ukimchukua mtoto, ukamrudisha baadaye hana harufu ile, mama anamwona mgeni. Atampiga. Si ukatili, mama. Hamjui tu."

Zalia aliuliza, "Na jicho la mtu?"

"Jicho la nani?"

Hakununua mbuzi siku ile. Alirudi mjini kwa miguu, na njia nzima uso ulikuwa unamwaka. Watu wawili walimsalimu, akashindwa kuitikia. Aliona aibu ya kuonwa, ingawa hakuna aliyejua.

Ampisikina, alikokaa Rabiata, haikuwa mbali na kwake. Mtu anatembea na kufika kabla jasho halijatoka. Zalia hakwenda. Alisubiri mvua zipungue, kisha akasubiri Maulidi yapite, kisha mguu ukamuuma. Nisimfiche: aliona haya, na haya hiyohiyo ndiyo iliyomzuia kwenda kuiondoa. Alikwenda mwezi wa Juni.

Rabiata alikuwa barazani anachambua mchele. Alikuwa amekonda. Alipomwona mgeni, aliinuka haraka, akamshika mikono yote miwili, na kabla Zalia hajafungua kinywa akasema, "Dada Zalia, Mungu amekuleta. Miaka yote hii nataka kukuomba radhi kwa ajili ya yule mbuzi wako. Wallahi sikukusudia. Sikujua kama ninalo."

"Unalo nini?"

"Jicho." Aliketi tena, akapakata ungo wa mchele, akasema kama mtu anayetaja ugonjwa wake wa siku nyingi. "Hapa najitunza. Kaka ana watoto watatu, sijambeba hata mmoja. Alinijia mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, kuniposa, mtu mzuri, lakini ana kichanga. Nikamkatalia."

Zalia alitamani ardhi imfunike. Maneno aliyoyapanga njiani yalimpotea yote, akasema kwa kukatakata: niliosha mimi, kwa sabuni, kwa langilangi, mama yake akaikosa harufu, kosa langu, si jicho, hakukuwa na jicho lolote. Rabiata alisikiliza, mkono umebaki ndani ya mchele.

"Kwa hiyo hata nisingekuja kuazima ungo?"

"Angekufa."

"Hili umelijua lini?"

Zalia angeweza kudanganya. "Mvua zilipoanza," alisema.

Rabiata aliitazama barabara. Ilikuwa kavu, vumbi linapepea. 

Ndani ya nyumba kichanga cha Ibouroi kikaanza kulia. Mama yake alikuwa amekwenda bombani. Rabiata aligeuka kumtafuta kwa macho njia yote, asimwone. Kilio kikazidi.

"Nenda wewe," Zalia alisema. "Rabiata, nenda. Huna kitu."

Rabiata akaweka ungo chini, akaenda mpaka mlangoni, akasimama pale kwa muda. Kisha akauvuta mtandio wake mpaka ukamfunika macho yote mawili, akaingia kwa kupapasa ukuta.