Nyumba Iliyoacha Kupiga Mluzi

Nyumba yetu ya mjini Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa inapiga mluzi. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba boti za mbao zisivuje, aliijenga kwa mbao za boti kuukuu alizozinunua bandarini Kazimia, akazipanga ubao mmoja ukilalia mwingine kama magamba ya samaki ili mvua iteremke. Kila kiangazi mbao zilikauka, zikajikunja, nyufa zikafunguka, na upepo wa ziwani wa saa tisa ulipopiga, ukuta mzima ulilia. Mama alikuwa akisema nyumba inalalamika njaa. Sisi watoto tulilala usingizi wa mchana kwa sauti ile.

Niliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, kilichonitisha kwanza ni kimya. Bati lilikuwepo, limeshika kutu. Mlango ulikuwepo. Upepo ulikuwa unainamisha migomba ya jirani, nami nikasimama uani na mzigo kichwani nikingoja mluzi kama mtu aliyepiga hodi akingoja kuitikiwa. Wapi!

Mama hakukimbia nasi. Siku ile boti inajaa watu alisema tutangulie, yeye atafuata na boti ya kesho, na kesho yake hakukuwa na boti. Baadaye jirani yetu, mama mzee ambaye ua wake unapakana na wetu, alituma habari hadi kambini kwamba mama amepanda milimani kwa ndugu zake, juu kule Fizi, na vita ikitulia atashuka. Habari hiyo ndiyo iliyonilisha miaka yote. Sasa vita ilikuwa imetulia, kwa namna yake, na mvua zilikuwa karibu. Nilitaka kitu kimoja tu: mama akishuka, akute nyumba kavu.

Kesho yake asubuhi nikakagua ukuta, nikapandwa na hasira. Kila ufa ulikuwa umeshindiliwa matambara kutoka ndani. Matambara! Nguo inakunywa maji, inaozesha mbao, hata mtoto wa fundi anajua. Baba alinifundisha kusokota pamba, kuichovya kwenye mawese, kuipigilia polepole kwa patasi butu, halafu kumwagia lami ya moto juu. Mdomo wangu hauna pazia. Nilisimama nyuma ya nyumba nikamtukana aliyefanya kazi ile, yeye na ukoo wake. Nilikuwa na uhakika ni askari waliowahi kulala humo, watu wasiojua mbao wala maji.

Nikawasha moto palepale nyuma, nikateleka kopo la lami, nikaanza kuchomoa kuanzia juu. Matambara yalikuwa meusi kwa masizi, magumu kama ngozi kavu. Niliyatupa motoni moja baada ya jingine. Angalau yaliwaka vizuri.

Upepo ulipoanza, kila ufa niliokuwa nimeufungua ulipata sauti yake, nyembamba, kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ilipofika saa tisa, nusu ya juu ya ukuta ilikuwa inalia na nusu ya chini imenyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Matambara ya juu yalikuwa yameshindiliwa na mtu mwenye nguvu zake, amesimama. Ya kiunoni yalikuwa yamelegea. Ya chini ya magoti yalikuwa yamesukumwa kwa vidole tu, hasa upande mmoja, pale ndani penye kitanda. Nikajiuliza ni askari gani huyu anayeziba ukuta akiwa amelala.

Nikachomoa moja la chini. Hili masizi hayakulifikia. Lilikuwa limesokotwa kwenda kushoto.

Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Alikuwa anamsokotea baba pamba, na kila siku baba alimgombeza kwamba anasokota kinyume, patasi ikipiga, msokoto unafunguka. Nikalikunjua lile tambara. Kilikuwa kipande cha kitenge cha njano chenye maua ya buluu, alichokivaa kanisani siku ya ndoa yangu. Nikageuka kuangalia moto. Nilitia mkono humo, ndiyo, nilitia mkono, nikatoka na jivu na malengelenge ambayo alama yake ninayo bado.

Lilibaki tundu moja, chini kabisa, mahali ubao umeoza pembeni na mkono wa mtu unaweza kupita. Hilo lilikuwa limezibwa kutoka nje. Nililichomoa tambara lake. Lilisokotwa kwenda kulia.

Nikaenda nalo kwa jirani, yule aliyetuma habari kambini. Alikuwa anaanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Aliangalia kilichokuwa mkononi mwangu, akaweka ungo chini, akafuta mikono.

“Mama yako hakupandaka mulima, mutoto yangu,” alisema. “Aliniambiaka niseme vile. Sababu mukijua amebaki na iko mugonjwa, mutarudi, na mukirudi batawaua.”

Akanieleza yote, polepole. Mama alishikwa na kifua. Wenye bunduki walikuwa wamelala kwenye shule ng'ambo ya barabara, na nyumba ilipaswa ionekane haina mtu. Kikohozi hakizuiliki, basi mama alichana nguo zake akaziba nyufa zote ili kikohozi kisitoke nje. Tundu moja aliliacha, na jirani alikuwa akitambaa hadi hapo, akipitisha viazi na maji, mkono wa mama ukipokea. Siku moja mkono haukuja. Makaburini hakukuwa na njia ya kufika, hivyo yeye na mume wake wakamzika nyuma ya nyumba, sambamba na ukuta, chini ya lile tundu. Kisha jirani akachana kilemba chake mwenyewe akaliziba.

Nilikuwa nimesimama juu ya mama tangu asubuhi, na moto wangu na kopo langu la lami, nikimtukana.

Niliumaliza ukuta ule kwa siku nne. Nilitumia pamba, mawese na lami, kazi ambayo baba asingepata pa kuigombeza. Mvua zilipoanza, nyumba ilikuwa kavu kote isipokuwa pale chini. Tundu lile nimeliacha wazi, na kitanda changu kiko hapohapo. Mafundi wanaopita huniambia, mama, pale umesahau. Ninawajibu sikusahau. Miezi yote ile alikohoa akiogopa kusikiwa. Sasa akikohoa, nitamsikia.