Ngozi ya Ng'ombe ya Rafiki

Wakati wa vita, rafiki ya bwana yangu alitufikia asubuhi kutoka milima ya Minembwe, yeye na bibi yake na batoto, na ng'ombe moja jike. Walikuwa wanakimbilia Kazimia kutafuta mutumbwi wa kuvuka ziwa. Akafunga ng'ombe kwenye nguzo ya jiko letu pale Baraka, akanywa maji, akaenda. Juu ya ng'ombe hakusema neno. Bwana yangu akaniambia, "Ametuachia tumuchungie." Basi, ikawa hivyo.

Mi nilichoka siku ile ile. Kuchunga ng'ombe ya bantu ba kule juu, balio vitani na sisi Babembe, na majirani wanatukodolea macho! Maziwa haikuwa nayo. Mihogo iliisha shambani, batoto betu bakaanza kuvimba miguu. Nikasema, "Baba, tuichinje." Akaniangalia kama mimi ni mwizi.

"Akirudi nimwambie nini? Kwamba sisi Babembe tulikula amana yake?"

Kisha ng'ombe ikaota vinundu chini ya masikio na mbele ya mabega, vikubwa kama viazi. Bwana yangu alishaona wachungaji wa kule juu wakichoma vinundu vile kwa chuma cha moto, ng'ombe ikipata homa ya kupe. Naye akachoma. Yo! Ile ng'ombe ililia mpaka nikatoka nje ya lupango, ua wetu. Vinundu havikupungua hata kidogo.

Tukamwita veterineri, munganga wa ng'ombe, mzee aliyebaki bila dawa na bila mushahara. Akapima joto, hakuna homa. Akatafuta kupe, hakuna. Akafunua kope, ndani kulikuwa kweupe.

"Hii haiko kupe, mama. Iko kansa ya damu. Chuma haiwezi kitu, sindano pia haiwezi. Muiue tu, ipumzike. Lakini nyama yake musikule."

Hata hapo bwana yangu alikataa. Eti mwenyewe hayuko. Macho ya ng'ombe yalitoka nje, miguu ikakataa kusimama, naye akawa anaipelekea majani na maji mudomoni mpaka ikakufa yenyewe. Nilimchukia, nasema wazi.

Akaichuna, nyama akaizika. Majirani walikuja na masahani wakarudi nayo matupu, wakitutukana. Ngozi akaitandaza juani, kwa sababu kwa wafugaji, ng'ombe ya mutu ikikufia unamuonyesha ngozi. Bila ngozi, ni wewe uliyeikula.

Njia ilipofunguka, rafiki akarudi. Bwana yangu alimtandikia ngozi hata kabla ya kumpa kiti, akaeleza yote. Yule mugeni akapitisha vidole kwenye alama za moto.

"Ndugu yangu," akasema, "ulifikiri nilileta ng'ombe ya kuchungwa? Niliona batoto benu bamekonda. Kwetu haumwambii mutu kwamba ana njaa, ni haya. Unafunga ng'ombe kwake, unaenda. Ilikuwa yenu, mukule."

Bwana yangu akaanza kukunja ile ngozi. Mi nilikuwa na maneno ya kumpiga nayo, niliyaweka muda wote ule. Nikayatafuta, sikuyaona. Nikaketi chini palepale nikalia kwa sauti, kama kwenye matanga, na kati yao wawili hakuna aliyeniambia ninyamaze.